Mizani inafanya kazi, ubao wa urefu umeegemezwa ukutani

Katika zahanati ninayoifahamu wilayani Kasulu, siku ya kliniki mizani ya kuning'iniza haipumziki. Mtoto anavishwa suruali ya kupimia, anapiga kelele huku miguu ikirusharusha, mshale unatulia, muuguzi anatia nukta kwenye kadi. "Kilo nane na nusu. Mwingine!" Ubao wa kupimia urefu upo, lakini unakaa nyuma ya mlango.

Wauguzi wana sababu, na si uvivu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala. Mmoja anashika kichwa kiguse ubao, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo. Muuguzi aliye peke yake, chanjo zikimsubiri, atafanyaje? Tena uzito una kazi ya papo hapo. Dozi ya mseto, dawa ya malaria, hufuata kilo: kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kwa kila dozi, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili. Mtoto akiharisha siku tatu, kilo zinashuka. Urefu haushuki. Kwa mgonjwa wa leo, mizani itangulie, sina ubishi.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyedumaa, yaani mfupi kuliko umri wake, anaweza kuwa na mashavu yamejaa na nukta yake ya uzito ikabaki kwenye kijani, sehemu ya kadi ya uzito mzuri. Mama anapongezwa, anaondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Na kwa macho humtambui, maana wenzake anaocheza nao ni wafupi vilevile.

Wengine husema, "Ukoo wetu ni wafupi." Lakini viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Waliponyonyeshwa na kutunzwa vizuri, walikua karibu sawa hadi miaka mitano.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka urefu upimwe kila mwezi. Katika mwaka wa pili mtoto huongezeka kama sentimita 12, yaani moja kwa mwezi. Goti likikunjwa kidogo, au nywele zikiwa zimesukwa juu, sentimita hiyo imeshapotea. Ukimpima amesimama badala ya kulala, unapunguza karibu 0.7. Namba ya haraka haraka ni afadhali isiandikwe. Napendekeza kila miezi mitatu, kwa utulivu, mara mbili, mama au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akishika kichwa.

Swali gumu zaidi ni hili: ukishajua, unampa nini? Udumavu hauna kidonge, na baada ya miaka miwili kuurudisha nyuma ni kazi kubwa mno. Ndiyo maana nautaka mstari wa urefu uonekane mapema, unapoanza kulala mtoto akiwa na miezi tisa na bado anakunywa uji wa muhogo mtupu. Nilimwona muuguzi akimfuatisha mama mstari huo kwa kidole, nukta kwa nukta. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo dagaa wa kusaga ningeanza kumtilia tangu lini?"

"Tangu miezi sita, mama. Lakini anza leo jioni. Na mawese kijiko kimoja."