Chota Sehemu ya Mbwa Kabla ya Vaghar

Kila mjadala wa mbwa na chakula cha Kihindi unapozuka, kidole huelekezwa kwenye manjano, jira na iliki, huku kitunguu kikipita kimya kimya. Naona tunamshika asiye mwizi. Viungo vikavu, kwa vipimo vya jikoni, havimpi mbwa shida kubwa. Kinachomwangusha ni kile ambacho hakuna mpishi anayekihesabu kuwa kiungo: vitunguu vinne vilivyokaangwa mpaka vikayeyuka, kitunguu saumu kilichotwangwa, mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, chumvi, na zabibu kavu zilizotupiwa kwenye biriani.

Wala hii si habari ya nyumba za Wagujarati na Masingasinga wa Milimani na Kibos, hapa Kisumu, peke yao. Reli iliyowaleta Wahindi wengi ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo sufuria zetu zimeazimana mambo mengi. Leo chapati, pilau, samosa na ndengu za kukaanga zinapikwa Kondele na Nyalenda kama kawaida, na makombo yanayomfikia mbwa wa huko ni yale yale.

Tuanze na kitunguu, maana ndicho chenye kesi. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, vyote vina kemikali za salfa ambazo zikishasagwa tumboni mwa mbwa huingia kwenye damu na kuharibu hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Chembe nyekundu inabaki na kinundu pembeni, mwili unaiona kuwa mbovu, unaivunja. Zikivunjika nyingi kwa pamoja, mbwa anaishiwa damu na hana hata mkwaruzo. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kukaanga hakuondoi. Kukausha na kusaga unga ndiyo kabisa kunaizidisha kwa kila kijiko, na ndiyo maana unga wa kukoleza mchuzi unaouzwa kwa pakiti nauweka kundi moja na kitunguu chenyewe.

Kipimo ambacho madaktari wa mifugo hukitumia ni hiki: hatari huanza mbwa anapokula kitunguu kinachozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15, hiyo ni gramu 75, pungufu ya kitunguu kimoja cha wastani. Sasa angalia sufuria. Mchuzi wa watu sita hubeba vitunguu vinne, tuseme gramu 480, pamoja na punje nane za kitunguu saumu, kama gramu 30. Kitunguu saumu kina ukali mara tatu hadi tano ya kitunguu maji, kwa hiyo zile gramu 30 zihesabu kama 100 au zaidi. Jumla inakaribia gramu 600. Mpe mbwa huyo robo ya sufuria nzima ya mchuzi, tayari amepata gramu 150, mara mbili ya mpaka. Mbwa mkubwa wa kilo 32 angekuwa ukingoni tu. Kitoto cha kilo nne kinafika mpaka wake kwa gramu 20, yaani vijiko vichache tu vya mchuzi huo.

Macho hudanganya hapa. Vitunguu vinne vikishakaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia hunywea, unabaki na rojo lisilojaza kikombe. Aliyepakua husema, "Lakini hakuna kitunguu humu." Kilichokauka ni maji. Sumu imebaki pale pale.

Jambo jingine ni mazoea. Dozi ndogo ya kila jioni nayo hujumlika, kwa sababu mwili unavunja chembe kabla haujamaliza kujaza zilizopotea jana. Mbwa anayelishwa mabaki ya mchuzi siku tano mfululizo anaweza kuugua zaidi ya yule aliyeiba kitunguu kimoja kwenye kapu.

Hapa kwetu kando ya ziwa kuna mtego. Dalili za kitunguu huonekana baada ya siku moja hadi tano: mbwa analala sana, anahema haraka akitembea kidogo, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya turungi iliyokaa. Sasa mwambie mfugaji yeyote wa Kisumu au Ahero kwamba mbwa ana ufizi mweupe na mkojo wa rangi hiyo, atakuambia papo hapo: homa ya kupe. Na mara nyingi atakuwa sahihi, maana vimelea vya babesia huvunja chembe nyekundu vilevile. Mbwa anachomwa sindano ya kupe, anarudi nyumbani, na jioni analetewa mchuzi uleule umtie nguvu. Tofauti huonekana kwenye tone la damu chini ya darubini. Babesia hukaa ndani ya chembe, mara nyingi wawili wawili kama punje za machozi zilizogusana ncha. Kitunguu huacha kinundu kimoja cha mviringo ukingoni mwa chembe. Kwa hiyo omba damu ipimwe kabla ya sindano, na mtaje daktari kila alichokula mbwa wiki nzima, hata kama unaona aibu.

Viungo vyenyewe, basi. Manjano, jira, dania, tangawizi, mdalasini kidogo: kiasi kinachobaki kwenye kipande cha chakula hakimuumizi mbwa mzima. Kungumanga ndiyo usiweke, hasa ile ya kusaga ya biriani na vitamutamu, kwa sababu ikizidi huvuruga fahamu na mapigo ya moyo. Pilipili haiui, lakini inachoma njia nzima kuanzia mdomoni hadi mwisho. Walinzi wengine wanaamini pilipili humfanya mbwa awe mkali getini. Inamfanya aharishe getini. Mbwa ana vionja ladha vichache kuliko vyetu, lakini pilipili haionjwi, inasikika kama maumivu, na mishipa ya maumivu anayo kama wewe.

Siri ya kujua chakula gani kinafaa iko kwenye mpangilio wa upishi, yaani kitunguu kinaingia mwanzo au mwisho. Daal ya nyumbani, yaani mchuzi wa dengu au kamande, huchemshwa peke yake na manjano, halafu vaghar, ile wengine huita tadka, humwagiwa juu mwishoni: mafuta ya moto, haradali, jira, kitunguu saumu, pilipili kavu. Hiyo ni nafasi ya dhahabu. Chota sehemu ya mbwa daal ikiwa bado nyeupe-njano, kabla ya chumvi, weka pembeni, kisha mwaga vaghar yako uendelee na maisha. Mchuzi wa nyama haukupi nafasi hiyo, kwa sababu kitunguu ndicho kilichotangulia mafutani. Huko mbwa hana fungu, labda uchemshe vipande vyake viwili vitatu kando kabla hujaanza.

Je, kuosha nyama ya mchuzi chini ya bomba? Kunapunguza mafuta na pilipili. Kama nyama ililazwa usiku kucha kwenye kitunguu saumu na tangawizi, iliyoingia imeingia. Kipande kimoja kilichooshwa hakitamuua mbwa wa kilo 30. Kukigeuza kuwa utaratibu wa kila siku ndiko nakopinga.

Biriani ndiyo naiogopa kuliko vyote. Ina vitunguu vya kukaanga vilivyokaushwa hadi kuvunjika, samli, mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo hupasuka kwa ncha kali, na zabibu kavu. Zabibu huharibu figo za mbwa, na hakuna idadi unayoweza kusema ni salama: mmoja anakula kumi anabaki mzima, mwingine anakula chache mkojo unakatika. Kinachoshukiwa ni asidi ya tartari, na hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju. Kwa hiyo chatini ya ukwaju na sambhar, ule mchuzi wa dengu wenye ukwaju, navyo viwe mbali naye. Hili watu wengi hawajalisikia.

Mafuta yana kesi yake. Mwisho wa Diwali, Idi au harusi, mbwa hupewa bajia na puri zilizobaki kwa mpigo, na siku moja mbili baadaye kongosho limevimba. Utamwona ameinama mbele, viwiko chini, matako juu, kama anayesujudu, anatapika na hataki kuguswa tumbo. Mbwa wanene na wadogo ndio hushikwa zaidi. Achari na papadi ni chumvi tupu, usijadili. Unga wa naan wenye hamira ukiwa haujapikwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Ufunike juu ya kabati. Chapati kavu nusu, isiyo na mafuta, haina neno. Mtindi vijiko viwili pia, mradi si raita yenye kitunguu.

Ukitaka kumpikia kitu chenye harufu ya jikoni lako, mpikie kichiri. Mchele kikombe kimoja, kamande nusu kikombe, maji vikombe vitano, manjano robo kijiko cha chai. Loweka kamande nusu saa, mwaga maji hayo. Omena kavu (dagaa wa ziwani) gramu 50: chagua zile zilizoanikwa kwenye neti, kwa sababu za mchangani husaga meno, kisha zimwagie maji ya moto na kuziosha mara mbili. Tia vyote kwenye sufuria ya presha, filimbi nne, acha ipoe yenyewe. Iwe laini hata kijiko kisimame kwa shida. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta, bila chumvi. Kinamtosha mbwa wa kilo 15 siku moja na nusu hivi. Omena na mifupa yake inaleta kalisi ambayo nyama tupu haina, ila kichiri peke yake si chakula cha miezi. Kibadilishe na nyama, mayai na maini kidogo, au kichanganye na chakula cha mbwa cha dukani. Mbwa asiyezoea kamande atajaa gesi, kwa hiyo anza na robo ya kiasi.

Akiwa ameshakula kibaya, saa ndio muhimu. Ndani ya saa mbili hivi daktari anaweza kumtapisha. Baada ya hapo kazi ni ya dripu, na hali ikiwa mbaya, kuongezewa damu. Usimtapishe wewe kwa maji ya chumvi, utakuwa umeongeza sumu ya pili. Maziwa hayazimi kitunguu wala zabibu, na mafuta ya kupikia yanayomiminwa mdomoni kwa nguvu huishia mapafuni. Mpime uzito: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Andika saa aliyokula, vitunguu vingapi viliingia kwenye sufuria nzima na amekula sehemu gani. Kila asubuhi kwa siku tano inua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole na uachie. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au ikiwa hakuna rangi ya kurudi, mpeleke siku hiyo hiyo.