Viumbe wa Mbali Watakuwa na Macho?

Mwaka 1977 vyombo viwili vya Marekani, Voyager 1 na Voyager 2, viliondoka duniani, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ujumbe kwa viumbe wa mbali watakaoiokota. Ndani yake mna picha zaidi ya 100, muziki wa dakika 90 na salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini lawama kubwa ni nyingine: waliotengeneza santuri walichukulia kwamba atakayeiokota ana macho na masikio kama sisi.

Lawama hiyo ina uzito. Nyuki huona urujuanimno tusiouona. Tembo wa Amboseli huitana kwa sauti nzito zisizofika masikioni mwa mtu. Ziwa Victoria lina domodomo, samaki anayetoa mapigo hafifu ya umeme na kuhisi kwa ngozi jinsi jiwe au mdudu anavyoyapinda. Usiku, kwenye maji ya tope, anajua kilicho mbele yake. Ikiwa jirani yetu huishi hivyo, vipi kiumbe wa bahari ya giza chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii?

Hata hivyo wanaotarajia macho hudhaniwa wamekosa ubunifu tu, na hapo hawatendewi haki. Mtazame pweza. Babu yake na wetu waliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla ya upande wowote kupata jicho la maana. Leo wote wawili wana mboni, lenzi na retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga. Jicho la pweza hata limelizidi letu kwa jambo moja: mshipa wake wa fahamu hutokea nyuma ya retina, kwa hiyo halina doa pofu. Mwaka uleule wa 1977, wanabiolojia Salvini-Plawen na Mayr walikadiria kwamba viungo vya kuonea vilizuka duniani angalau mara 40, kila mara kivyake. Mara 40! Wapo wanaoipunguza hesabu hiyo, kwa kuwa jeni moja, Pax6, huanzisha ujenzi wa jicho kwa nzi na kwa panya vilevile. Sawa, lakini lenzi ya pweza haikutoka kwetu. Ililetwa na mwanga wenyewe, unaokwenda upesi, mstari ulionyooka, na kupenya maji.

Na domodomo? Huko Amerika Kusini wako samaki wa ukoo mwingine kabisa waliojipatia umeme huohuo kivyao. Yaani hata mlango wa fahamu tunaouona wa ajabu umefunguliwa zaidi ya mara moja. Fizikia haitoi milango mingi.

Ni kweli mifano yote hii imetoka chini ya jua moja. Penye nyota nyekundu hafifu, jicho huenda likaelekea mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni. Bado litakuwa jicho.

Ninapowaunga mkono wakosoaji ni kwenye maana. Bamba la ujumbe lililobebwa na Pioneer 10, chombo kingine cha Marekani kilichorushwa mwaka 1972, lilionyesha njia ya chombo kwa mshale. Ernst Gombrich, mwanahistoria wa sanaa, aliuliza: asiyewahi kuwa na upinde atajuaje mshale unaelekea wapi? Mwenye macho makali kuliko yetu angeuona mchoro wote, kila mstari, na bado asijue ncha ni ipi.