Maneno Saba na Bata Mzinga Mmoja

Kosa langu lilikuwa na maneno saba tu, tena ya Kiingereza, na niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kushikiwa panga.

Nilikuwa na wiki ya pili kazini, msaidizi wa darasa kwenye shule ya msingi ya mji mdogo huko Minnesota. Mke wangu alikuwa amepata kazi ya unesi, nami nikamfuata na digrii yangu ya uhasibu, nikaishia kufunga kamba za viatu, kufungua pakiti za maziwa na kutafuta glovu za watoto. Glovu inayopotea ni ya mkono wa kushoto, siku zote. Sijui ya kulia ina nini.

Kila Ijumaa ofisi ya shule ilitoa karatasi ya habari za wafanyakazi: nani kajifungua, nani anastaafu, nani kasahau bakuli lake jikoni tangu Septemba. Mgeni alijaza fomu ili atambulishwe. Jina, unakotoka, chakula unachopenda, na mwisho kabisa: andika jambo moja ambalo wenzako hawalijui.

Swali lile nilikaa nalo kama mtihani wa taifa. Niandike napenda mpira? Mpira wao unachezwa kwa mikono. Niandike taarabu? Ningeanza kuulizwa taarabu ni nini, na Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa hakijafika kwenye mipasho. Ukutani mbele yangu watoto wa chekechea walikuwa wamebandika bata mzinga wao, wale wanaochorwa kwa kuzungushia penseli kiganja: kidole gumba ndicho kichwa, vidole vinne ndiyo mkia. Novemba ilikuwa imeingia, Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ambayo mlo wake ni bata mzinga, iko njiani, na shule nzima ilikuwa bata mzinga tupu. Basi nikaandika kwamba nimekulia kwenye shamba la bata mzinga.

Jamani, mtu akiamua kusema uongo, walau autafutie mahali pake. Huendi Mtwara ukasema wewe ndiye bingwa wa korosho. Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa kufuga bata mzinga, wanawatoa kwa mamilioni kila mwaka. Mwaka huo wenyewe, 2017, wale bata mzinga wawili waliopelekwa Ikulu ya Washington ili Rais awasamehe wasiliwe walitoka hukohuko Minnesota. Mimi sikujua hata moja kati ya hayo. Nilidhani nimechagua kitu cha ajabu ajabu, kama mtu anayesema aliwahi kufuga mbuni.

Na "shamba" lenyewe? Lilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba yetu Korogwe, na bata mzinga alikuwa mmoja. Mama alimpokea kama malipo ya deni la vitenge lililokuwa limeshakata tamaa. Dume, jeusi, kifua mbele kama diwani aliyeshinda uchaguzi. Nyumba ilikuwa na watoto watano, wapangaji wawili na mbwa, lakini yule ndege alinichagua mimi. Ijumaa moja alinipandisha juu ya mpera nikiwa nimeshavaa kanzu ya kwenda msikitini. Nilikaa huko mpaka watu wakatoka kwenye swala, na aliyenishusha ni imamu.

Karatasi ilitoka Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilikuwa mtaalamu.

Wa kwanza kunishika alikuwa mama wa mapokezi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akaniuliza tulikuwa na ndege wangapi. Nikamwambia ilitegemea msimu. Wa aina gani? Wa kienyeji. Tuliwalisha nini? Nikasema walikuwa wanajitafutia wenyewe, na hilo, Mungu ni shahidi, lilikuwa kweli. Akanitazama juu ya miwani yake kwa muda, akasema, "Inapendeza," akarudi kwenye kompyuta yake.

Wa pili alikuwa mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni hata wakati wa chai. Yeye alikuwa na shida ya kweli. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, wakwe zake walikuwa wanakuja kula kwake, na alikuwa amenunua bata mzinga wa kilo tisa aliyeganda kama jiwe la kusagia. Amtoe lini kwenye friza? Sasa mimi ninachokijua ni kuku: unamtoa, unamweka kwenye beseni la maji, ukimaliza kumenya vitunguu na yeye kalainika. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekulia shambani, "Jumatano usiku inatosha." Akaandika. Nawaambia alitoa kalamu akaandika. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba mnyama yule anahitaji siku nzima ndani ya friji kwa kila kilo mbili hivi. Pigeni hesabu wenyewe, mhasibu ninaona aibu.

Halafu mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nikajua nafukuzwa. Kumbe ana wazo. Jumanne ya tarehe 21, siku ileile ambayo Rais angemsamehe bata mzinga wake, na sisi tutakuwa na sherehe yetu kwenye ukumbi wa michezo. Babu wa mwanafunzi mmoja anafuga wachache nyumbani, ataleta dume. Mwalimu mkuu atasoma tamko la msamaha mbele ya shule nzima. Nesi wa shule ameshashughulikia barua za ruhusa na watoto wenye mzio. Kilichobaki ni mtu wa kumshika ndege, mtu mwenye uzoefu. Akanitazama kwa upendo kama mzazi anayemtazama mwanawe siku ya mahafali.

"Hakuna shida," nikasema. Neno hili lina tabia ya kutoka kinywani kabla akili haijafika.

Usiku huo nikampigia mama. Kwangu saa tatu usiku, kwake saa kumi na mbili asubuhi, anachochea mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani kafa?"

Nikamweleza. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa ameiweka simu chini ili acheke vizuri. Aliporudi hewani nilisikia na sauti ya jirani, ikimaanisha kwamba habari imeshavuka ua.

"Wewe," akasema, "wewe si ndiye uliyeshushwa na imamu?"

"Mama, niambie tu anashikwaje."

"Mimi sikuwahi kumshika. Nilikuwa na ufagio." Akavuta pumzi. "Usimkimbie tu mwanangu. Yule akikuona unakimbia, umekwisha."

Jumanne ikafika, baridi ya kukata masikio. Korido zilikuwa zimependeza kweli. Darasa la kwanza walikuwa na kazi ambayo watoto wa huko hufanya kila mwaka: unapewa bata mzinga wa karatasi, unamvalisha nguo za kujificha ili Thanksgiving imkute hajulikani. Kulikuwa na bata mzinga zimamoto, bata mzinga bibi harusi, na mmoja aliyepakwa rangi nyeupe yote akaandikwa chini "mtu wa theluji". Mtoto mmoja wa Kisomali alimvalisha wake hijabu akamweka nyuma ya sinia la sambusa. Nilipomuuliza akanijibu, "Hapo nani atamtafuta?" Nikaona huyu atafika mbali.

Ukumbini, kando ya jukwaa, darasa la tano walikuwa wamejenga mnara wa makopo. Familia zilikuwa zimechanga tangu mwanzoni mwa mwezi kwa ajili ya ghala la chakula la mji: maharage, mahindi, supu, maboga ya kusagwa. Mnara ulikuwa unanipita kimo. Watoto mia tatu na zaidi wamekaa sakafuni, miguu wameikunja.

Babu akaingia na kreti. Akafungua.

Huyu hakuwa yule wa Korogwe, lakini walikuwa ukoo mmoja, niliona machoni. Manyoya ya shaba yanayobadilika rangi kwenye mwanga, kichwa hakina unyoya hata mmoja, na juu ya mdomo kile kinyama chekundu kinachoning'inia. Babu akanionyesha haraka haraka: mkono mmoja miguuni, mwingine juu ya mbawa, mbane kifuani. Akaniachia, akarudi nyuma. Kilo kumi na kitu, za moto, na moyo unaopiga kama ngoma ya mdundiko. Au ule ulikuwa wangu.

Sekunde kumi za kwanza nilikuwa shujaa. Nilimwona mwalimu wa michezo akinipiga picha.

Ndipo mtoto mmoja wa nyuma akalia kama bata mzinga. Tatizo la dume la bata mzinga ni kwamba ukimpigia kelele anajibu. Hawezi kujizuia, hata mlango ukigongwa anajibu. Akajibu, gulugulugulu, sentimita tano kutoka sikioni kwangu. Watoto mia tatu wakafurahi, wakalia wote. Akawajibu wote. Mwalimu mkuu akainua mikono kuwanyamazisha, wakadhani anaongoza kwaya.

Kichwa cha ndege kikaanza kugeuka rangi. Chekundu, kikawa cheupe, kikaingia bluu. Kile kinyama kikarefuka chenyewe mpaka kikapita mdomo. Nikakumbuka rangi ile. Ndiyo niliyoiona mara ya mwisho nikiwa chini ya mpera. Halafu akainamisha kichwa akakiona kitambulisho changu kinavyong'aa kifuani, na ndege hawa wana udhaifu na vitu vinavyong'aa. Akakidonoa. Akadonoa tena, mara hii kilichokuwa nyuma ya kitambulisho.

Nikamwachia.

Mama aliniambia nisikimbie. Nilisikia kabisa sauti yake. Miguu ndiyo haikuwa kwenye ile simu.

Nilizunguka ukumbi, yeye nyuma, mbawa chini zinakwaruza sakafu. Watoto wanashangilia, na nasikitika kusema hawakuwa upande wangu. Nilipofika kwenye mnara wa makopo nikakata kona kama winga wa Coastal Union. Yeye hakukata. Mnara ukaanguka kwa awamu, juu kwanza, kisha katikati, kisha yote kwa pamoja kama mvua ya masika kwenye bati. Makopo yakatawanyika kila upande. Naye, kwa kuwa ile ilikuwa kelele kubwa kuliko zote, akasimama katikati ya vurugu akaijibu.

Nilipozinduka nilikuwa juu ya rundo la magodoro ya mazoezi, karibu na dari. Nilifikaje sikumbuki. Ila mkao niliujua, ni uleule wa kwenye mpera.

Mama wa mapokezi akatoka upande wa mlango, wala hana haraka. Akavua koti lake, akamwendea ndege kwa ubavu, akamfunika kichwa. Basi. Ndege akapata giza, akatulia kama mtoto aliyelazwa. Akambeba kwapani kama mkoba wa kwenda kanisani, akampelekea mwalimu mkuu. Kumbe yule mama ndiye aliyekulia kwenye shamba la bata mzinga. La kweli, lenye mabanda, kilomita chache tu nje ya mji.

Mwalimu mkuu alisoma tamko lake hadi mwisho, sauti ikitetemeka kwa sababu ambazo sikuzipenda. Alipofika mahali pa kusema ndege huyu amesamehewa, akainua macho juu ya magodoro, akaongeza, "Wote wawili."

Mchana kulikuwa na chakula cha wafanyakazi, kila mtu na sahani yake. Nilikuwa nimeleta sambusa, na sambusa Minnesota haihitaji utangulizi, Wasomali wameshaifanya kazi hiyo. Zilikwisha kabla ya kitu chochote. Katikati ya meza alikuwepo bata mzinga aliyekatwa vipande, nusu saa tu baada ya sisi kumsamehe mwenzake, na hakuna aliyeona tatizo. Mama wa mapokezi akaja kukaa karibu nami. Akatafuna taratibu.

"Hilo shamba lenu," akasema, "ulisema lilikuwa ekari ngapi?"

"Ilitegemea msimu," nikajibu. Alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba.

Nilidhani yameisha. Alhamisi, sikukuu yenyewe, mke wangu ameoka kuku wawili, wali wa nazi uko jikoni, mara simu inaita. Mwalimu wa michezo. Alikuwa ameiweka kwenye spika, maana nilisikia watu, na mtoto analia.

"Nje ameungua," akasema. "Ndani kuna barafu. Nimeingiza mkono, ni barafu kabisa. Kwenu shambani mlikuwa mnafanyaje?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama.

"Tulimuuza akiwa hai," nikasema. "Alikuwa mmoja."

Kimya kirefu. Kisha kwa mbali nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, yenye mamlaka ya mama mkwe: "Muulize kama mezani kwao kuna nafasi."

Mke wangu alishafika kwenye gunia la mchele, anapima vikombe.