Sonara Pagé wa Quebec: Lakabu Inathibitisha Asili?

Jacques Pagé alizaliwa Quebec mwaka 1682, nchi ile ikiwa bado koloni la Ufaransa, akawa mfua fedha na fundi saa. Katika hati za zamani jina lake lina mkia: "dit Carcy" (yaani "aitwaye Carcy"), pengine "Quercy". Quercy ni jimbo la kale la kusini-magharibi mwa Ufaransa, mji wake mkuu Cahors.

Upande wa Kanada hauna ubishi mkubwa. Rejesta za parokia zinamtaja baba yake, Guillaume, na kwa kuwa wanawake waliandikwa kwa jina la ukoo walikozaliwa, mama yake, Élisabeth Letartre, naye hapotei. Tukipanda ngazi moja tunamkuta babu, Raymond, aliyevuka bahari. Hapo ndipo watafiti wanapogawanyika: je, lakabu peke yake inatosha kumrudisha Raymond huko Quercy?

Wanaosema inatosha hawakosi hoja. Lakabu za mahali zilishika sana miongoni mwa askari na wahamiaji, na mara nyingi mtu hakujichagulia. Wenzake walimwita hivyo kwa kujua alikotoka au kwa kusikia lafudhi yake. Tena, kudai cheti cha ubatizo cha mtu wa mwanzoni mwa karne ya 17 ni kudai makuu. Amri ya kifalme ya Villers-Cotterêts ya 1539 iliwataka mapadri waandike ubatizo, lakini utaratibu wa kila rejesta kuwa na nakala mbili, moja kanisani na nyingine mahakamani, uliwekwa mwaka 1667. Kabla ya hapo, panya au moto mmoja ulitosha kufuta kijiji kizima.

Wapinzani wanajibu kwamba Quercy si kijiji. Ni jimbo lenye parokia chungu nzima, na Pagé si jina adimu. Hoja yao nzito zaidi ni Jacques mwenyewe: kazaliwa Quebec, na bado anaitwa Quercy. Kama mjukuu alirithi lakabu, nani atatuhakikishia kuwa babu hakuirithi pia? Hapo nakubaliana nao. Lakabu ni sababu nzuri ya kuchagua hifadhi ipi ya nyaraka ianze kupekuliwa. Si haki kuijaza kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa.

Kuna kosa jingine ambalo pande zote mbili hulitenda: kumtafuta sonara mwingine wa ukoo wa Pagé huko Cahors. Jacques alijifunza kazi hukohuko Quebec, kwa Michel Levasseur, sonara aliyekuwa akifundisha wanagenzi mjini humo mwanzoni mwa karne ya 18. Ufundi haukumjia kwa damu. Koloni halikuwa na vyama vya mafundi vyenye nguvu kama vya Paris, ambako wafua fedha na mafundi saa (wenye chama chao tangu 1544) walilindiana mipaka. Quebec mtu aliweza kufua kijiko leo na kutengeneza saa kesho.

Mlinganishe na Roland Paradis, sonara mzaliwa wa Paris aliyeoa Quebec mwaka 1728 na kufariki Montreal mwaka 1754. Kwake ufundi ni ushahidi hasa, kwa sababu masonara wakuu wa Paris waliwekewa kikomo cha 300, na watoto wa mafundi walipewa upendeleo. Na ni bahati ushahidi huo upo: Mei 1871, wakati wa Komuni (uasi wa wakazi wa Paris dhidi ya serikali), Hôtel de Ville (jumba la jiji) na Palais de Justice (mahakama) viliungua, na kila jengo lilikuwa na nakala moja ya rejesta za jiji. Zikateketea zote mbili. Zimebaki hati za manotari (maofisa wa kuandika na kuthibitisha mikataba) na kumbukumbu za chama. Jina la ukoo, kwa upande wake, linapotosha: akina Paradis wengi wa Kanada wanatokana na Pierre Paradis, fundi visu wa Mortagne, Ufaransa, aliyefika katikati ya karne ya 17. Naye mfua chuma! Ni rahisi mno kuwaunganisha.

Vipimo vya DNA vinaweza kuonyesha kuwa wanaume wawili wana babu mmoja, havitaji parokia. Kwa Raymond Pagé ningeanza na hati za manotari zilizohifadhiwa Cahors, hasa mikataba ya ndoa, maana ndiyo huwataja wazazi. Hadi mkataba wa aina hiyo upatikane, kwenye mti wa ukoo ningeandika "Quercy, kwa mujibu wa lakabu", na si neno zaidi.