Mwacheni Chura Wangu

Mpwa wangu ameoa Jumamosi iliyopita. Gari nililiosha tangu alfajiri, vioo nikavipangusa kwa gazeti, boneti nikaipitishia riboni nyeupe. Kijana akatoka na kanzu yake na joho, manukato yanamtangulia, akalitazama gari, kisha akanivuta kando kwa adabu zake zote.

"Mjomba, usinikasirikie. Lakini siwezi kwenda kuoa ndani ya chura."

Chura ni Nissan Leaf ya mwaka 2014, gari la umeme, kizazi kile cha kwanza chenye macho ya kutokeza. Mtaani kwetu Mtwapa watoto walilipa jina hilo siku ya kwanza nilipolileta, na mimi sikuwapinga kwa sababu kweli linafanana. Lakini kuambiwa na bwana harusi, mbele ya mashemeji, saa tatu asubuhi, ni jambo jingine.

Kumbe walishakodi gari lao. Saloon, nayo ya umeme, mpya kabisa, nyeusi, imelala chini kama papa, vishikio vya milango vimezama ndani ya bodi. Kampuni iliyoliunda siitaji, sitafuti kesi. Basi msafara ukaenda, tukafika mlangoni pa msikiti, mimi nimeshashuka, nimeshavua viatu, nimeshasalimiana na maimamu, bwana harusi bado yumo ndani. Vishikio vimegoma kutoka. Dereva anapapasa skrini kama mtu aliyeangusha sindano gizani, huku bibi mmoja nje anauliza, "Kwani kijana amebadilisha nia?" Nilistaghfiru kwanza. Halafu ndiyo nikacheka.

Sasa tangu siku hiyo kikundi cha WhatsApp cha familia hakina habari nyingine. Ati muundo wa Leaf umepitwa. Ati niuze kabla halijawa chuma chakavu. Hawa ndio watu ambao wote, bila kubagua, nimewahi kuwapeleka mjini bure.

Tuanze na ukweli ambao sina budi kuumeza. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010. Mwaka 2011 ikawa gari la kwanza la umeme kutwaa taji la Gari la Mwaka la Ulaya, na walioipa hawakuwa wajinga. Betri ya kilowati-saa 24, mota ya kilowati 80. Weka hapo kando BYD Seal, gari la umeme la Kichina, ya mwaka 2022: betri ya kilowati-saa 82.5, na kwa vipimo vya Ulaya inakwenda kilomita 570 kwa chaji moja. Ya kwangu ikiwa mpya, kwa vipimo vya Marekani, ilikuwa kilomita 135. Kwa mtu anayeishi ndani ya brosha, mjadala umekwisha.

Mimi siishi ndani ya brosha. Kwangu Mtwapa, kazini mjini. Kutoka kwangu napita Shanzu, Bamburi, nakwama pale Nyali Bridge mpaka nimesoma maandishi yote ya nyuma ya matatu iliyo mbele yangu, navuka, naegesha. Kwenda na kurudi haifiki kilomita 40. Nyie wa kilomita 570, mnakwenda wapi kila siku? Na katika foleni ya feri ya Likoni, saa saba mchana mwezi wa Machi, wenye petroli wamezima injini wanajipepea kwa risiti, mimi nimekaa kimya na kiyoyozi changu. Hilo gari la muundo wa 2010 linalifanya sawasawa na gari la jana.

Na hayo macho mnayoyacheka yana kazi. Injini ikiondoka, kelele inayobaki ni ya upepo, na upepo hupenda kupigia vioo vya pembeni. Wabunifu wakayatokeza mataa ili yaupasue upepo kabla haujafika kwenye vioo. Chura anatoa macho ili msikie kaswida vizuri.

Lakini tuache sura. Ninaloambiwa na kila anayejifanya fundi ni joto. "Betri ya Leaf haina upozaji, Mombasa ni tanuri, itakufa." Nusu ya kwanza ni kweli. Betri yake haina maji ya kuipoza wala gesi ya kiyoyozi, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 watu wa Phoenix, Arizona, walipiga kelele kwamba vijiti vya betri kwenye dashibodi vinazimika mapema mno, na Nissan ikaja kuongeza dhamana: vikishuka chini ya tisa ndani ya miaka 5 au maili 60,000, wanatengeneza. Mimi nilikuwa nikijibu kwa majivuno kwamba Phoenix hupita nyuzi 40 na sisi huku hatufiki huko, tuna upepo wa bahari. Kisha nikakaa nikafikiri. Phoenix ina Desemba. Usiku wa Desemba betri ya Phoenix inalala kwenye baridi, inapumzika. Ya kwangu hailali. Mwaka mzima usiku wetu haupoi sana. Kwa hiyo, sawa, hapo mmenipata. Joto letu si kali kama lao, ila halina likizo, na betri huchakaa kwa joto inalokaa nalo, si kwa lile la siku moja.

Na nitakiri jingine, kwa kuwa leo ni siku ya kukiri. Yadi iliyoniuzia, hapa hapa Mombasa, ilinionyesha vijiti 12 vyote vinawaka. Miezi michache baadaye vikawa tisa. Vijiti haviangushwi hivyo kama embe. Cha kwanza huzimika betri ikishapoteza kama asilimia 15, kinachofuata baada ya asilimia sita na ushei. Walikuwa wameirudisha kompyuta ya betri mwanzo ili isahau umri wake, nami nikamlipa mtu pesa nzuri kwa gari lililosahaulishwa. Kaka zangu, kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayosoma hali ya betri, usiende yadi bila hivyo. Muuzaji akisema ana haraka, mwache na haraka yake.

Haya. Tisa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hapa ndipo muundo mzee unapowashinda wale mapapa wenu.

Betri ya Leaf yangu ni sanduku lililofungwa chini ya gari kwa bolti. Ndani yake mna moduli 48, kila moja na seli nne, jumla 192. Ukiondoa bolti, sanduku linashuka. Ukifungua sanduku, unaziona moduli zimepangwa kama mikate kwenye trei. Mbovu inapimwa, inatolewa, inawekwa nyingine. Nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja Majengo, mwenye glavu za mpira na subira, alichomoa kwanza kile kiunganishi cha kukata umeme, kwa sababu humo mna volti zaidi ya 350 na hazina mzaha, akashusha sanduku, akapima moja moja hadi jioni, akakuta dhaifu mbili. Akabadilisha. Vijiti havikurudi kuwa 12, sisemi uongo, lakini ile tabia ya asilimia kuanguka ghafla ninapopanda daraja ikaisha. Leo nakwenda kilomita 85 hivi. Mtwapa na mjini mara mbili, na kiyoyozi.

Sasa niambieni, Seal ikifika umri huo, kijana wa Majengo atafanya nini? Wenyewe wanajisifu kwamba wameunganisha betri na bodi, kifuniko cha betri ndiyo sakafu ya gari. Ni uhandisi mzuri, unaongeza uimara, unapunguza kimo, sibishi. Na betri zao za fosfati ya chuma huvumilia joto kuliko yangu, na zinapozwa, basi huenda zisihitaji fundi kwa miaka mingi. Huenda. Lakini siku zikihitaji, utakayemfuata hatakuwa na glavu na subira, atakuwa na kompyuta yenye nywila kutoka mbali, na bei yake utaambiwa kwa dola.

Babu yangu alikuwa akikalafati majahazi Bandari ya Kale. Ubao ukioza walikuwa wakiutoa huo, wakatia mwingine, wakasindika pamba kwenye maungo, wakapaka sifa, yale mafuta ya papa, jahazi likarudi majini na kaskazi. Alikuwa akisema kuna majahazi ambayo hakuna anayejua ubao wake wa kwanza ulikuwa upi. Nilipomtazama yule kijana amechutama juu ya moduli zake nilimkumbuka babu, na machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi. Sikuwahi kulia kwa sababu ya Toyota.

Skrini? Nitasema sentensi moja. Kuanzia 2026 Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanalinyima alama gari lisilo na vidhibiti halisi vya vitu kama honi, wipa na taa za kugeukia, kwa hiyo inaonekana wazungu nao wamechoka kupapasa.

Kitakachomuua chura, kwa kauli yangu mwenyewe, ni tundu la chaji. CHAdeMO, mtindo wa Kijapani wa kuchaji haraka. Jina lenyewe limetokana na msemo wa Kijapani wa kukaribisha chai, ati wakati gari linachaji, vipi kikombe? Kwa jina hilo lingefaa sana baraza zetu. Bahati mbaya dunia imekunywa chai kwingine. Nissan yenyewe ilipoileta Ariya Ulaya, iliitilia CCS2, tundu la Kiulaya. Kila chaja ya haraka inayofungwa huku sasa ikikosa mkono wa CHAdeMO, mimi ni mtazamaji. Nyumbani nachaji kwa tokeni usiku, polepole, basi halinigusi. Ila nikitaka kwenda Voi, nachukua basi. Ndiyo, nimesema. Ipigeni picha muipeleke kwenye kikundi.

Kizazi hiki cha kwanza, sheria yetu ya kutoingiza magari yaliyopita miaka minane imeshakifungia bandari, hakiingii tena. Yaliyopo nchini ndiyo hayo. Mtu akiyatoa mawili matatu kwa vipuri, tunaendelea.

Jana usiku mpwa amenipigia. Gari la kukodi lilisharudi kwa mwenyewe, ana mke na masanduku matatu, na mama mkwe anataka kupelekwa Kongowea kununua mbaazi. "Mjomba," anasema, sauti imeshuka, "chura yupo?"

Yupo. Anachaji. Nimemwambia asubuhi saa mbili, na riboni bado sijaifungua.