Gramu waachie wapanda milima, wewe una pikipiki

Jana nilikuwa naangalia video ya jamaa anapakia pikipiki kwa ajili ya safari ndefu ya kulala kambini na kujipikia. Pikipiki yenyewe dude la kilo mia mbili na ushee, maboksi ya alumini pande zote mbili, lingine nyuma, vyuma vya kukinga injini, mataa ya ziada. Mara akatoa kijiko kimekatwa mpini, akaanza kueleza, tena kwa utulivu wa daktari wa upasuaji, kwamba hapo kaokoa gramu kadhaa. Nikazima simu nikaenda kuchemsha chai.

Hivi jamani hizi hesabu za gramu tumezitoa wapi? Najua tumezitoa wapi, kwa watembea kwa miguu, na sina ugomvi nao. Mtu anayepanda mlima siku nzima na shanta mgongoni, magoti yake ndiyo shokapu zake, huyo akitaka kukata mswaki nusu nitamshikia msumeno. Lakini wewe una injini! Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo tenki la lita 15 likijaa umepakia kilo 11, likikaribia kuisha umeshusha kilo 11, na hujawahi hata siku moja kusimama pembeni ya barabara useme aah, sasa naona wepesi. Halafu usiku hulali, hujui ununue jiko la gramu 73 au la gramu 25. Ukienda chooni tu kabla ya kuondoka umeshaokoa zaidi ya hiyo tofauti.

Kinachokusumbua kwenye pikipiki ni nafasi, ni mtikisiko, na zaidi ya vyote ni mafuta ya kuwashia jiko, na hapa naomba mniache niongee.

Umekaa juu ya tenki la petroli. Popote unapopita lazima ujaze petroli, usipojaza husafiri. Halafu jiko lako linataka ule mtungi mdogo wa gesi wa kukaza kwa kuzungusha, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya kambi, tena ukiwa na bahati, na kwenye ndege hauruhusiwi kabisa, kwa hiyo safari ya ng'ambo unaianza kwa kuzunguka mjini unatafuta mtungi badala ya kuendesha. Ukishaupata huwezi kujua umebaki kiasi gani bila mzani au kuuelesha kwenye maji, ndiyo maana kila mtu anatembea na mtungi mzima mmoja na mingine miwili iliyobaki robo robo anaogopa kuitupa. Huo ndio wepesi wenyewe? Baridi ikishuka nayo ni shida nyingine, butani, ile gesi ya mtungini, inachemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, baridi ikizidi hapo inabaki imelala mtungini kama maji, labda mchanganyiko uwe na isobutani na propani ya kutosha, gesi zinazochemka hata kwenye baridi zaidi.

Jiko la petroli linakunywa kile kile inachokunywa pikipiki. Mililita 100 zinachemsha lita nne za maji na zaidi, yaani unakunywa chai siku kadhaa kwa mafuta ambayo pikipiki ingeyamaliza ndani ya kilomita mbili tatu. Ile chupa yake ya karibu lita moja ukiijaza (sio mpaka mdomoni, acha nafasi petroli itanuke) ni akiba ya jiko na ni akiba ya pikipiki pia, tenki likikauka njiani hiyo ni kilomita 20 na kitu. Nionyeshe mtungi wa gesi utakaokufikisha kituo cha mafuta.

Ila soma kabla ya kununua, sio kila jiko la mafuta linakubali petroli ya kituoni. Jiko la WhisperLite ya kawaida la kampuni ya MSR ni la petroli safi ya majiko tu, zile International na Universal ndizo zinakubali petroli isiyo na risasi na mafuta ya taa. Na kama pikipiki yako ni ya injekta, kwa kawaida hakuna koki ya tenki ya kufungua ukakinga petroli kama zile za kabureta, jaza chupa hapo hapo kituoni.

Haya, nakubali. Linanuka. Linapiga kelele. Kuliwasha lazima ulipashe kwanza, na linatoa mwali wa njano ambao majirani zako kambini wataanza kuita watoto wao. Petroli ya kituoni ina viongezi vinavyoziba kile kitundu cha kutolea mafuta, kwa hiyo utakuwa fundi mara moja moja, na masizi utayaona. Mwenye gesi anawasha, dakika chache anakunywa, anakucheka. Kama safari yako ni ya wikiendi unaenda na kurudi, chukua gesi, sina neno. Spiriti nayo, kama majiko ya Trangia, ni nzuri kwa mtu asiye na haraka. Na jiko lolote lile usipikie ndani ya hema, kaboni monoksidi haina harufu.

Mtikisiko sasa. Sufuria mbili za alumini zikikaa moja ndani ya nyingine bila kitambaa katikati, siku nzima ya changarawe, jioni ukifungua unakuta unga wa kijivu, hizo ni sufuria zako zimesagana. Vifuniko vinajifungua, skrubu za mipini zinatoka. Fulana chafu ya jana ndiyo kifaa bora cha jikoni unachoweza kupakia. Na jiko la gesi usiliache limefungwa kwenye mtungi ukiwa barabarani, nimeona mtu anafanya hivyo, boksi zima linanuka gesi na bado anaulizia kiberiti.

Titaniamu sitaki hata kuongea. Inapitisha joto kama moja ya kumi tu ya alumini, kwa hiyo moto unabaki pale pale juu ya jiko, mchele wa katikati umeungua na wa pembeni mbichi. Kama chakula chako chote ni cha kumwagia maji ya moto, sawa, na pole. Wengine nunueni sufuria ya alumini ambayo jiko na kiberiti vinaingia ndani yake, basi.

Kuna rafiki yangu yeye anasafiri na kikaangio cha chuma cha kutupwa, watu wanamcheka kila kambi mpaka mayai yaanze kunukia. Kikaangio chake kinakaa chini kabisa ya boksi la pembeni, upande usio na bomba la moshi, na pikipiki yake imetulia. Wanaomcheka wamerundika viti vya kukunja na mitungi yao ya robo robo kwenye boksi la nyuma, juu kabisa, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, halafu wanauliza mbona mbele kunayumba.