Hilux, Mama Mkwe na Miwani Mpya

Chini ya kilomita 80 kwa saa, Hilux yangu ni gari la kiungwana. Unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya dashibodi na kisimwagike tone. Trafiki wote wa barabara ya Morogoro wanaijua kwa sura hiyo ya upole, maana wao hukutana nayo kwenye vibao vya 50 tu. Ikifika 85 kuna kitu kinaamka huko nyuma. Kioo cha kati kinaanza kuonyesha kila gari mara mbili. Kiti kinakutekenya mapaja. Ikigusa 90, funguo zinalia, kidroo cha dashibodi kinafunguka chenyewe na kumwaga risiti za mafundi, na ukitaka kuongea na abiria, maneno yanatoka yamekatwakatwa.

Hizo risiti ndizo zenye kisa.

Mambo yalianza baada ya mvua, nilipokwenda kwenye shamba langu la mpunga bonde la Ruvu nikanasa. Wanaoujua ule udongo mweusi hawahitaji maelezo. Wasioujua, ukikauka kwenye kiatu unakitupa kiatu. Tulivutwa na trekta, nikaimwagia gari ndoo mbili za maji ubavuni ili rangi ionekane, nikarudi Dar es Salaam. Tangu siku hiyo, tetemeko. Kila fundi nilimweleza habari za kunasa, na kila fundi alinisikiliza kwa adabu, akisubiri nimalize aniambie tatizo.

Fundi wa mtaani kwetu ana kiduka cha spea kando ya gereji. Akafungua boneti, akaishika injini kwa mikono miwili, akaitikisa, akanitazama kwa huruma. "Bosi, mauntingi zimekwisha." Yaani zile raba zinazoibeba injini. Kwa bahati nzuri alikuwa nazo dukani. Tukafunga mpya, na injini ikatulia kweli. Kwenye foleni ya Ubungo nilikuwa sijui kama imewaka. Nilipofika 90, kiti kikanitekenya palepale kilipoachia.

Baadaye nikakutana na dereva wa lori ambaye alikuwa hauzi kitu chochote. Akaniambia: barabara ikiwa nyeupe, fika 90, weka nyutro, acha gari lijiendee. Injini itashuka sauti. Mtetemo ukibaki ulevile, injini haihusiki. Nikajaribu. Mtetemo haukujua hata kama gia imetoka. Kipimo cha bure kabisa, na nilikipata nikiwa tayari na risiti ya mauntingi mfukoni.

Nikapelekwa kwa bingwa wa propela, kile chuma kirefu kinachozunguka uvunguni kupeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma. Yeye alilala uvunguni muda mrefu, uso wake ukiwa shibiri moja kutoka tairi la nyuma la kushoto (mlikumbuke tairi hilo), akatoka na habari kwamba senta beringi imekufa. Hilux ya milango minne ina propela ya vipande viwili, na hiyo beringi ndiyo inayoishikilia katikati. Sawa, tukabadilisha. Lakini vile vipande vikichomolewa vina alama zake, na wakati wa kurudisha lazima alama ziangaliane, vinginevyo krosi, yaani viungo vyake, za mbele na za nyuma zinakwenda kila moja kwa wimbo wake. Bingwa alivichomeka kama mtu anayetia mpini kwenye jembe. Niliingia gerejini na mtetemo mmoja nikatoka na miwili: ule wa zamani wa 85, na mpya ulioanzia 60 ukinguruma. Ilibidi nirudi, wakabishana, kijana wao mmoja akamulika simu akasema, "Alama haziangaliani, mzee." Wakazipanga upya. Kunguruma kukaisha. Wakanitoza na hilo.

Muuza matairi hakuinama hata kidogo. "Tairi za mbele, mzee." Nikamwambia usukani umetulia tuli, kinachotetemeka ni makalio. Akasema mtetemo unasafiri. Nikanunua mawili.

Shemeji yangu, ambaye hana gari, alisema ni upepo. Mke wangu alisema, "Si uendeshe 80?" Ushauri huo ndio pekee uliofanya kazi, na ulikuwa wa bure, basi nani angeuamini.

Hatimaye nikafika kwenye wili balansi, wanaposawazisha uzito wa matairi. Kijana akafungua matairi yote manne, akayapandisha moja moja kwenye mashine. Ya mbele, vizuri. Nyuma kulia, vizuri. Nyuma kushoto, mashine ikaonyesha 170. Kijana akaita wenzake waje waone. "Tairi limekula gramu 170!" Wakaja, wakatazama kioo cha mashine, wakatingisha vichwa, wakaleta vipande vya risasi vya kuongeza uzito, wakavigonga ukingoni mwa ringi, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyetazama ndani ya ringi. Mashine ilipoandika sifuri walipigana mikono.

Na likapona! Nilikwenda mpaka Kibaha na kurudi bila shughuli yoyote, kwa raha tu ya kukaa kwenye kiti kisichonigusa. Nikampigia mke wangu: "Mwambie mama, Jumamosi nampeleka mwenyewe Morogoro."

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Alikuwa amekuja Dar kupimwa macho na kutengenezewa miwani mpya, na miwani hiyo ilikuwa imemgharimu. Sasa, mama mkwe hapandishwi kwenye gari lenye matope. Ijumaa jioni nikaipeleka Hilux kwa vijana wa kuosha, wale wenye pampu ya maji makali. Niliwaambia wapige kila mahali, juu, chini na uvunguni. Wakapiga. Maji meusi yalitiririka mpaka mtaroni. Nikawapa na ya soda.

Asubuhi mama alipanda na kanga yake na kikapu chake. "Shikamoo mama." "Marahaba, Baba Neema. Usiwe na wasiwasi, najua magari ya mizigo hutikisa." Nikacheka kwa kujiamini. Akavaa miwani, akajishikiza, na safari nzima ya kutoka mjini alikuwa akisoma mabango kwa sauti, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Bei za saruji. Majina ya makanisa. Namba za simu za waganga, zote, tarakimu kwa tarakimu.

Tukapita Mlandizi. Barabara ikafunguka, nikakanyaga mafuta. 80. 85.

Kiti kikanitekenya.

Nilihisi moyo umeshuka hadi kwenye breki. Nikaendelea kutazama mbele, nikajifanya sijui. Pembeni yangu mama amenyamaza. Anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, anavaa. Anavua tena.

"Baba Neema, kile kibao kimeandikwaje?"

"Vigwaza, mama."

"Mimi naona Vivigwagwaza."

Nikapunguza, kwa kuwa pale kuna watu na kuna mizani ya malori. Mtetemo ukaisha. Mama akainua kichwa. "Ah! Sasa naona. Yule muuza mahindi namwona mpaka pengo." Tulipotoka kijijini nikarudi 90, maana nilitaka kuhakikisha ni mtetemo uleule wa zamani na si mwingine mpya. Mama akavua miwani.

"Hii miwani wamenipunja," alisema. "Inaona vijijini tu. Porini haioni."

"Mama, si miwani. Ni gari linatetemeka."

"Usiwatetee, baba. Gari nimepanda tangu Dar, mbona nilikuwa naona?"

Hoja hiyo ilinishinda. Nikajaribu kueleza habari za 85, sauti yangu ikitoka vipande vipande, na yeye akaniuliza kama nina homa. Kisha akatoa simu. Akapiga kule duka la miwani, na kwa sauti ileile iliyowahi kutuliza darasa zima akawaeleza kwamba yeye ni mtu mzima, amefundisha hadi kustaafu, na hajawahi kuona miwani inayochagua mahali pa kuona. Upande wa pili walikuwa wakijitetea. Nikapunguza mwendo ili angalau simu isianguke, naye akasema kwenye simu, "Mnaona? Nikiwasema tu, inaona."

Chalinze nikasimama kwa kijana wa pancha. Nilimwambia fungua hilo la nyuma kushoto, tafadhali, kabla sijakosana na ukoo. Akapiga jeki, akalegeza nati sita, akalilaza tairi chini upande wa ndani ukiangalia juu. Wote watatu tukainama: yeye, mimi, na mama mwenye miwani yake.

Ndani ya ringi, upande mmoja, kulikuwa na alama pana kuliko kiganja, ya rangi ya majivu, na ukingoni mwake ukoko mwembamba wa udongo mweusi wenye jani la mpunga limegandia. Upande wa pili kabisa, ukiangaliana na ile alama, vilijipanga vile vipande vya risasi, vinang'aa.

Kijana akachomoa lile jani, akalinusa, sijui kwa nini. "Mzee, hapa palikuwa na bonge la udongo. Aliyebalansi, amebalansi na udongo. Umeosha gari lini?"

"Jana."

"Basi udongo umetoka, risasi zimebaki."

Yaani lile bonge la Ruvu ndilo lililokuwa linatetemesha gari tangu mwanzo. Kijana wa mashine akaliwekea mpinzani wa uzito wake upande wa pili, wakasawazika. Wenye pampu wakamwosha mmoja, mpinzani akabaki uwanjani peke yake anatuchapa sisi.

Mama alipendezwa. Akaomba kalamu, akageuza bahasha ya cheti cha macho, akaandika: kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Akamtuma kijana apime mzunguko wa tairi kwa kamba. Ukawa kama mita 2.3. Kwa hiyo tairi linazunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Akauliza ringi ina kipenyo gani, akapiga mahesabu yake, akatutangazia kwamba gramu 170 katika mwendo huo zinaivuta ekseli kwa nguvu ya karibu kilo 15, mara 11 kila sekunde, huku na huku. "Na nguvu hii inakua kwa mraba wa mwendo," aliendelea, kidole juu, na sasa walikuwa wamesogea na bodaboda wawili. "Ukiwa 50 haifiki kilo 5. Ndiyo maana mjini hamsikii." Bodaboda mmoja akapiga makofi.

Nikaona hapo ndipo pa kumaliza. "Kwa hiyo mama, miwani haina tatizo."

Akafunga kalamu. "Hesabu ya gari nimeimaliza, Baba Neema. Miwani ni jambo lingine."

Kijana akabandua risasi zote kwa bisibisi, akakwangua ukoko uliobaki, akapiga brashi, akafunga. Akanitoza elfu tatu. Tangu Ruvu hakuna aliyenitoza kidogo hivyo, nikamwachia chenji, akadhani nimekosea akanikimbilia nayo.

Baada ya pale tulikwenda 90 na kiti kikabaki kiti. Kulikuwa na kamtetemo ka mbali, kwa kuwa tairi halikuwa na risasi hata moja, ila ka kuvumilika. Morogoro waliliweka kwenye mashine likataka gramu 25 tu. Tulipopita Mikese milima ya Uluguru ikajitokeza, na mama akaitazama kwa kitambo kupitia miwani yake, bila kuivua.

"Unaiona, mama?"

"Naiona."

"Si unaona miwani iko sawa?"

"Nimeshagombana nao," alisema. "Siwezi kuwapigia tena kuwaomba msamaha kwa ajili ya gari lako. Uirudishe, waitengeneze."

Jumatatu nilikuwa dukani kwa wauza miwani, nimeshika miwani nzima isiyo na hitilafu. Nilijiandaa kumweleza kijana wa pale ukweli wote, kuanzia shambani. Hakuningoja. Aliipokea, akaielekeza kwenye taa, akafumba jicho moja, kisha akanitazama kwa huruma, huruma ileile ya mauntingi.

"Kweli, mzee. Senta ilikuwa imehama."

Akaingia nyuma ya pazia. Nilisikia redio, nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe. Akarudi na miwani imefutwa vizuri, imefungwa kwenye kitambaa kipya, na risiti ya elfu kumi na tano ya ufundi. Nililipa. Nikaituma kwa basi la mchana, na ile risiti nikaitia kidrooni na wenzake.

Jioni simu ikaita.

"Baba Neema, Mungu ambariki huyo kijana. Nimeivaa hapa nje, naona mpaka mbuzi walioko mlimani. Hii sasa ndiyo miwani."

"Nashukuru kusikia hivyo, mama."

"Na lile gari lako nalo," akasema, "ungempelekea yeye tangu mwanzo."